Shukrani kwa mzee wa loki za Hatton

Jumamosi nilikuwa napandisha boti yangu nyembamba kwenye loki 21 za Hatton, mfereji wa Grand Union, Uingereza. Loki ni chumba cha maji chenye malango; maji yakijazwa, boti hupanda. Mimi na mbwa wangu Simba tu. Loki za pale ni pana, boti moja huyumba sana. Maji yalipofika nusu, Simba aliteleza akatumbukia kati ya boti na ukuta.

Mzee mmoja alikuwa ng'ambo, akinisaidia kufungulia maji. Hakupiga kelele. Kwanza alishusha kilango kidogo cha kuingizia maji, maji yakatulia. Akavuka juu ya lango, akalala kifudifudi kwenye mawe. Mimi nikakaza kamba boti isimbane Simba. Yeye akapenyeza ndoano ya boti, ile fimbo ndefu yenye kulabu, chini ya mshipi wa jaketi la kuokolea alilovaa Simba, akamwinua taratibu. Kisha akavua sweta yake ya sufu, akamfunika, akampangusa tope masikioni kwa kidole.

Akaondoka sijamuuliza jina. Shikamoo mzee wangu, na asante sana.

Wenzangu, mvalisheni mbwa jaketi hata kama anajua kuogelea. Na ukimkuta mtu peke yake kwenye loki, simama umshikie kamba.

Sweta nimeifua, mzee. Iko botini, inakungoja.