Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024 wa chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili, Houston, Texas

Wazee wetu, akina mama, vijana na ndugu wanachama wote: Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo.

Kwa desturi taarifa hii huanza na misiba, harusi na majina ya wanachama wapya. Mwaka huu hayo nimemwachia katibu, ameyaandika vizuri na kila kaya imepata nakala yake. Mimi nitasema jambo moja tu, lililokula muda wetu, fedha zetu na usingizi wetu tangu Mei hadi Novemba: upepo, na umeme unaoondoka nao. Mwishoni kuna ombi la kubadili katiba. Najua wapo waliokuja na jibu mfukoni, ila naomba wanisikilize kwanza.

Mwanzoni mwa Mei sisi ndio tulikuwa tunapiga simu nyumbani. Mafuriko yalikuwa yameikumba Nairobi, halafu kimbunga Hidaya kikaelekea Mafia, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga. Wenye ndugu Kilwa hawahitaji kusimuliwa. Michango haijakamilika, jioni ya tarehe 16 dhoruba ya upepo ikapita katikati ya jiji letu hili, ikavunja vioo vya maghorofa, na wateja karibu milioni moja wakalala gizani. Wengi tulijua basi, ya mwaka huu yamekwisha.

Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliangukia Jumapili. Ukumbi umelipiwa, watoto wa darasa la Jumamosi wamekariri mashairi, vitunguu vya pilau vimeshakatwa. Siku chache kabla, watabiri walikuwa wakisema kimbunga Beryl kitashuka kusini kuelekea mpaka wa Mexico. Kufikia Jumamosi mstari kwenye ramani ulikuwa umepanda, na Jumapili asubuhi kamati ikaahirisha sherehe. Tulilaumiwa sana. Tukaambiwa tumekimbia kimbunga cha daraja la kwanza, na Harvey mwaka 2017 kilikuwa cha daraja la nne tukakivuka. Ndugu zangu, daraja hupima upepo peke yake. Harvey hapa Houston kilituumiza kwa mvua, siku nne mfululizo, na mvua haimo kwenye namba ile. Beryl kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda Jumatatu alfajiri, na upepo wa kama kilomita 130 kwa saa. Siku hiyo wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo letu hawakuwa na umeme.

Upepo wenyewe uliisha siku hiyo hiyo. Taabu ilianza kesho yake, jua lilipowaka na joto la kuhisi likakaribia nyuzi 40 za Selsiasi. Apatimenti zetu zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Dirisha ni moja, halifunguki vizuri, na hewa haina pa kupita. Kufikia saa nne asubuhi ndani hapakaliki. Watu walikaa kwenye magari wakichaji simu na kupunga hewa, mpaka mafuta nayo yakawa ya kupanga foleni. Ramani ya kampuni ya umeme ya kuonyesha mitaa isiyo na umeme haikuwepo, hivyo vijana wetu, kama nusu ya jiji, wakawa wanafungua programu ya simu ya Whataburger, migahawa ya baga. Mgahawa ukionekana uko wazi, basi mtaa ule una umeme, na huko huko ndiko tulikowapeleka wazee. Sijawahi kula pale, lakini sasa nina adabu nao.

Jumatano jioni, kwenye maegesho ya magari mtaa wa Alief, friza zote zilifunguliwa. Kumbukeni Idi ilikuwa katikati ya Juni, kwa hiyo nyama ya mbuzi ilikuwa bado imejaa. Mama mmoja wa Uvira alitoka na mifuko ya sombe, yaani kisamvu, iliyoanza kulegea, akaipanga kwenye ukuta mfupi na kuibonyeza mmoja mmoja kwa kidole: huu leo, huu leo, huu tupa. Sato waliletwa kwenye ndoo. Majirani wa Honduras wakaleta kuku wao, bibi mmoja wa Kivietinamu akaleta kamba na mchuzi wake wa samaki, na hakuna aliyeuliza mwenzake yuko chama gani. Chakula cha miezi miwili kililiwa usiku mmoja. Aliyenusurika ni dagaa, ambaye hajawahi kuhitaji friza ya mtu.

Majiko yote usiku ule yalikaa nje, mbali na milango, na hapo sitaki tubembelezane. Tumezaliwa na jiko la mkaa, tunaliona kama ndugu. Lakini nyumba zetu za kule zilikuwa na upenyo chini ya paa, hizi za huku zimezibwa pande zote. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anajilaza kidogo, haamki. Baridi kali ya Februari 2021 iliua watu kwa namna hiyo katika jiji hili hili, na baada ya Beryl wengine tena, kwa jenereta zilizowekwa karibu mno na nyumba. Siku ya pili mratibu wetu wa mtaa wa Sharpstown alilitoa jiko la mkaa kwenye roshani ya mwanachama kwa nguvu, wakatukanana. Kamati inamuunga mkono mratibu.

Sasa fedha. Mzee wetu mmoja anatumia insulini, na insulini haikai kwenye joto lile. Mwingine anapumua kwa mashine ya oksijeni inayotaka umeme usiku kucha. Katiba yetu, ibara ya mfuko wa rambirambi, inasema fedha zitatoka kwa msiba, yaani kusafirisha mwili au kuzika. Hakuna aliyekuwa amefariki. Kwa kuifuata neno kwa neno, tungesubiri. Mimi na mhazini tulitia saini, ikanunuliwa jenereta, petroli, na barafu kila siku iliyopatikana. Kwenye kundi la WhatsApp mtu akaandika: "Pesa ya marehemu imenunua barafu." Naam, imenunua. Mzee wa insulini amekaa mstari wa pili kutoka mbele, mumwangalie kisha mniulize tena.

Baada ya hapo, Agosti na Septemba. Watu wa nje hudhani msimu wa vimbunga ni zile siku za kimbunga. Unaanza rasmi tarehe 1 Juni, unaisha 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na 10 Septemba, wakati ambao huku joto bado halijapungua hata chembe, shule zimefunguliwa (mwaka huu zile za jiji zilianza 12 Agosti), viatu vya watoto havijalipwa, na bili ya kiyoyozi ndiyo kubwa kuliko zote. Katikati ya hayo kila asubuhi mtu anafungua ramani ya watabiri kuangalia kama Ghuba ya Mexico imetiwa rangi ya njano, yaani kuna uwezekano mdogo wa kimbunga kuzaliwa. Ikigeuka nyekundu, yaani uwezekano ni mkubwa, katoni za maji zinakwisha madukani kabla ya saa za kutoka kazini, yaani kabla wengi wetu hatujafika. Tarehe 9 na 10 Septemba tulishinda hivyo kwa sababu ya kimbunga Francine. Maji, betri, tangi la gari limejazwa, beseni la kuogea limejazwa, akina mama wanaolea wazee majumbani wameambiwa wajiandae kulala kazini bila kujua nani atalala na watoto wao. Tarehe 11 Francine kikaingia Louisiana. Hapa hata jani halikuanguka. Tulishukuru, tukawapigia jamaa wa Baton Rouge na New Orleans, halafu tukahesabu: aliyelipwa kwa saa akabadili shifti ili awe nyumbani, shifti ile imekwenda. Kimbunga kisichofika hakina msaada wa serikali, lakini gharama kinayo, na kwa familia zetu gharama hiyo ilirudi kila mara ramani ilipotiwa rangi.

Septemba mwishoni ikawa zamu ya wengine. Helene kilipiga Florida tarehe 26 kikiwa daraja la nne, kikapanda hadi milima ya North Carolina na kuzamisha mitaa ya Asheville, mbali kabisa na bahari. Wapo waliohamia huko wakiamini wameviacha vimbunga nyuma. Milton kikafuata Florida tarehe 9 Oktoba. Tulichangisha, dereva wetu wa lori akapeleka nepi, maji na unga wa mahindi, na namshukuru hadharani kwa vile alikataa kurudishiwa mafuta.

Jambo ambalo mwaka huu lilitusaidia kuliko jenereta ni nyumba kumi kumi. Mwezi Agosti tuliwagawa wanachama kwa mitaa, kila kaya kumi na mjumbe wake. Wakenya walicheka, Watanzania wakanuna, Warundi wakauliza kama mjumbe ataandika ripoti kwa mkuu. Hataandika. Kazi yake ni kujua mlango gani una mtoto mchanga, nani ana dawa ya kuwekwa baridini, nani hana gari, nani yuko zamu ya usiku. Arifa za dharura huingia kwenye simu zetu kwa Kiingereza na Kihispania. Mjumbe ndiye anayezituma kwa sauti, Kiswahili cha pwani au cha Kongo, na Kirundi kwa wanaokitaka. Vijana wa chuo walizirekodi, na wamefanya kazi nzuri kuliko kamati.

Kuhusu FEMA, shirika la serikali kuu la misaada ya maafa, niseme kwa ufupi maana maswali hayaishi. Kuomba ni bure. Anayewatoza dola ili awajazie fomu anawaibia, na tumeshamwonya mmoja. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa kuomba. Asiye na hadhi hizo lakini ana mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kuomba kwa jina la mtoto. Barua ya kukataliwa mara nyingi maana yake ni karatasi fulani imekosekana, na kuna siku 60 za kukata rufaa. Wanachama kadhaa waliitupa barua ile takatakani. Msiitupe, mleteeni katibu. Bima ya mpangaji hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ni ya peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukiikumbuka Septemba umechelewa, basi iulizeni Aprili.

Kituo chetu cha Kiswahili cha Jumamosi kinaendelea, mwalimu anaomba viti zaidi. Sherehe iliyoahirishwa Julai haikufanyika tena, na mashairi ya watoto yatasomwa leo baada ya chakula.

Ombi la kamati ni hili. Mfuko wa rambirambi ubaki kama ulivyo, usiguswe. Kando yake uundwe mfuko wa dharura, dola tano kwa kaya kwa mwezi kuanzia Januari. Fedha zitoke kwa saini tatu, mojawapo ya mjumbe wa mtaa unaohusika, bila kusubiri mkutano. Hesabu zake zitumwe kwa wanachama wote ndani ya siku 30 tangu dola ya kwanza itumike. Anayepinga asimame aseme hapa ndani, si kwenye kundi saa sita za usiku.

Jenereta liko kwa mratibu wa Sharpstown, limefanyiwa matengenezo, na huwashwa mara moja kwa mwezi ili lisilale. Tunatafuta mwanachama mwenye gereji kavu wa kulihifadhi kabla ya Juni.

Namkaribisha mhazini asome hesabu, kisha tutapiga kura kwa mikono.