Geti na mabati

Iași, Romania

Shikamoo Baba,

Sauti ya kaka, Baba Zuhura, nimeisikiliza, dakika saba nzima. Eti nitume euro 400 za taa za geti, wageni wa Idi wasije wakakuta giza. Baba, geti lina simba wawili wa saruji, na nyuma yake nyumba imekwama kwenye linta tangu mwaka juzi. Hizo taa zitamulika nini, mipapai?

Kabla sijakasirika zaidi: tasnifu nimeitetea, nimepewa 10, na huku hakuna alama juu ya hiyo. Mpe habari Shangazi aliyesema nimekuja kusomea maiti. Maiti mwenyewe ni Titu Maiorescu, mhakiki na mwanasiasa wa Romania, mzaliwa wa Craiova, 1840. Akiwa na miaka 23 tayari ni mkuu wa chuo kikuu cha hapa Iași, na mwaka huohuo wa 1863 yeye na wenzake wanne wakaanzisha jumuiya ya fasihi ya Junimea. Kauli yao: aingie atakaye, abaki awezaye. Mwaka 1868 akaandika makala iliyowachoma wenzake: mnachukua maumbo ya Ulaya bila kiini. Mmefungua shule vijijini hamna walimu wa vijijini, mmefungua vyuo vikuu hamna maprofesa wanaoweza. (Na chuo kimojawapo alikiongoza mwenyewe! Hapo sikumwonea haya, na ndipo mwalimu wangu aliponipa mkono.) Nilipoisoma mara ya kwanza nikawaona wale simba wawili.

Baba Zuhura atasema huyo ni mtu wa maneno. Mwaka 1874 alikuwa waziri wa elimu, 1912 akawa waziri mkuu, na 1913 akaongoza mkutano wa amani wa Bucharest uliofunga Vita vya Pili vya Balkani, nchi yake ikapata eneo la Dobruja ya Kusini. Mimi lakini nampendea Eminescu. Mshairi yule alipougua akili mwaka 1883, Maiorescu ndiye aliyeyakusanya mashairi yake yakawa kitabu, na ndicho kitabu pekee cha mashairi yake kilichotoka angali hai. Bustani ya Copou kuna mti mkongwe unaitwa wa Eminescu. Nikikaa chini yake naikumbuka michungwa ya Bibi, na Muheza siku ya gulio, hadi koo linanikaba.

Kazi ya usiku ipo. Baridi nimeizoea.

Ile picha ya joho mliyoitundika sebuleni, joho lilikuwa la kuazima, nililivaa saa moja tu. Mama asijue.

Fedha za mabati na mbao za kenchi nimemtumia fundi moja kwa moja. Baba Zuhura akinuna, mwacheni anune, yeye ni kaka yangu na shikamoo yake naitoa hapahapa. Fundi akipanda juu nipigieni picha, na simba wasionekane.

Mwanao