Mama asikae tu kitini

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliposema Mama tangu aingie makao ya wazee "ametulia tu kitini", moyo ulinipasuka. Ndivyo tulivyokuwa tukisema kuhusu Baba.

Baba alishika mkongojo upande wa mguu wake mbovu, nasi tukaona sawa. Siku mtaalamu wa fisioterapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, alipomwona, alimtazama hatua sita hivi, akauhamishia mkono wa pili, upande wa mguu mzima, kisha akaufupisha mpaka kishikio kikalingana na kifundo cha mkono. Baba akafika mlangoni bila kushika ukuta. Nililia, Rehema. Mtaalamu yule alikuwa akija jengo lilelile la makao ya Baba kila Jumatano kwa miezi minne, na hakuna aliyemwandikia Baba rufaa, yaani maandishi ya kumwelekeza kwake. Wala sisi hatukuuliza.

Wataalamu hawa huenda kwa aliyeandikiwa rufaa. Mzee mpole asiyelalamika hupitwa hivihivi. Kwa hiyo ukienda, omba kuona mpango wa huduma wa Mama. Nani alimpima kutembea, na lini atapimwa tena? Nani huandika rufaa? Ada imo kwenye malipo yenu au ni ya pembeni? Wakikujibu "tutaangalia", omba siku, uiandike mbele yao.

Umesema pia anakohoa akinywa maji. Hilo lisingoje, mwambie muuguzi leo. Kinywaji kikipotea njia kikaingia mapafuni huweza kuleta nimonia. Anayepima kumeza ni mtaalamu wa tiba ya usemi, yuleyule anayewasaidia waliopatwa na kiharusi kusema tena. Jina hilo huwapoteza watu, wakadhani kwa kuwa Mama anaongea vizuri hamhitaji. Mpaka apimwe, anywe akiwa ameketi wima, polepole, asiharakishwe.

Miguu nayo itazamwe, kucha na viatu.

Tafadhali usisubiri aanguke ndipo uanze kudai. Kati ya wenye miaka 65 na zaidi, takriban mmoja kati ya watatu huanguka kila mwaka, na wengi hofu huwabana kitini, misuli ikazidi kulegea.

Mtaalamu akishaondoka, wahudumu wanaoshinda na Mama ndio wa kuyaendeleza mazoezi. Ya Baba tuliyaandika kwa herufi kubwa, tukabandika karatasi juu ya kitanda: kusimama na kuketi mara kumi, asubuhi na jioni. Nikija Jumapili nitakuletea nakala, tukamwone Mama pamoja.

Wako akupendaye,
Saida