Kwako shoga, uliyenihama ukaenda Mwanza

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu za huku. Mvua imekatika, matope bado. Hatujambo sote, na mama anauliza kila siku sangara watakuja lini.

Uliniuliza huwa naenda wapi Jumamosi hata simu sipokei. Nitakwambia, ila usicheke. Naenda kuangalia picha. Si za sinema, za kuchorwa.

Nashuka kituo cha Morocco, nachukua bodaboda hadi Morogoro Stores, kule Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Siku ya kwanza kijana wa bodaboda aliniuliza nakwenda kumfuata mgeni gani. Nikamwambia mgeni ni mimi.

Unajua siku zote nilidhani tingatinga ni lile la kulimia tu, wakaliazima jina? Kumbe ni mtu: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968, hapahapa Dar, juu ya hadibodi za mraba, kwa rangi za kupakia baiskeli. Ndizo zilizokuwepo dukani na ndizo alizozimudu. Mkewe, Agatha, akawa anaziuza palepale Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi, shoga! Jamaa aliowafundisha ndio walioendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika.

Rangi ile ukiisogelea inapanda kichwani kama umelala gereji. Tena haina haraka ya kukauka. Mchoraji anapaka kwanza ile ya nyuma, anaiacha, anakwenda kwenye picha nyingine, anarudi kesho kuweka mnyama, kesho kutwa madoa. Ndiyo maana utamkuta mtu mmoja ana picha nne tano anazizungukia kama mama lishe na masufuria yake. Na kwa kuwa kila rangi inasubiri mwenzake ikauke, hazivujiani: doa la chui linakaa doa, ukingo wake mkali.

Mwanzoni kwangu tembo wote walikuwa tembo. Sasa naijua mikono. Yupo ambaye twiga wake wote shingo zimepinda kama wanasikiliza umbea. Yupo asiyeweza kuvumilia kona tupu, lazima abandike ndege. Nasimama mlangoni nataja mkono wa nani kabla sijasoma jina pale chini. Nikikosea wananicheka, na nakosea sana.

Linaloniudhi ni oda. Mteja anataka Mlima Kilimanjaro na twiga watatu, wiki ijayo mwingine anataka hivyohivyo. Nikamwuliza mzee mmoja hachoki? Akaniuliza ada ya shule ya wanawe nitalipa mimi? Nikanywea. Lakini nyuma ya mlango wake ameegesha picha ya foleni ya maji, ndoo za kila rangi, mwanamke mmoja amekalia dumu lake anasinzia. Hiyo hakuagizwa na mtu. Nimeiomba bei mara mbili, anabadilisha mazungumzo.

Nikitaka mabishano naenda Nafasi, kituo cha wasanii kule Mikocheni. Wapo tangu 2008, na studio zao nyingine ni makontena ya meli. Huko hutamkuta twiga. Utakuta mtu ametundika vyuma chakavu anakuuliza wewe unaona nini. Mara nyingine sioni kitu, nasema hivyohivyo, tunaanza kubishana.

Nyumba ya Sanaa unaikumbuka, pale mjini? Haipo tena, wamevunja. Mahali alipofanyia kazi George Lilanga, yule mchongaji na mchoraji wa mashetani yenye masikio makubwa na vidole viwili vitatu, yanayocheza kama yamelewa! Lilanga mwenyewe alifariki 2005. Kazi zake zimetawanyika makumbusho ya ng'ambo, na mimi wa Sinza naziona kwenye simu. Nikipita pale natazama upande mwingine.

Sasa shida yangu. Ile picha niliyokupa kwenye harusi, ya ndege wawili, niliinunua kwa haraka bila hata kuuliza jina la aliyeichora. Wiki iliyopita nimeona ndege wa aina ileile, jicho moja kubwa kuliko jingine, nikasimama kama nimemwagiwa maji. Hebu ishushe ukutani. Tazama kona ya chini, kulia au kushoto, kisha geuza nyuma, maana wengine huandika huko. Nipigie picha ya jina nilione. Na usifute vumbi kwa kitambaa kibichi, nakujua.

Msalimie shemeji.

Wako wa Sinza