Shukrani kwa Mzee Fundi wa Gerezani

Sisi wanafunzi tunaounda injini ndogo ya roketi inayotumia mafuta ya kimiminika tunamshukuru hadharani mzee mmoja, fundi wa kukereza vyuma pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye hakupenda jina lake litajwe. Tulimfikia jioni tukiwa na bamba la shaba lenye matundu ya milimita 1, yanayopaswa kukutanisha spiriti na oksijeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi chini ya sifuri. Matundu mawili yalikuwa yamepinda, na fundi wa awali alikwisha kula fedha yetu. Mzee aliliinua bamba kwenye taa, akacheka kidogo, kisha akachukua keekee na kutoboa jingine hadi saa nne usiku. Tulipomweleza kwamba grisi ikikutana na oksijeni hiyo huweza kulipuka, alinawa mikono mara tatu, wala hakumruhusu mwenzetu aliyetoka kula chipsi kuligusa bamba. Malipo aliyakataa, akaomba soda tu. Tulipojaribu kwa maji, vijito vyote vilikutana sawasawa. Shikamoo, mzee wetu. Soda ya pili tumekwisha kuilipia palepale dukani.