Mjukuu wangu na jongoo

Mhariri,

Mjukuu wangu wa miaka sita alimkuta jongoo kwenye ndoo ya mchicha uani, akalia nimuue. Nilimwonyesha anavyojikunja, nikamweleza kwamba hula majani yaliyooza na kuyageuza mbolea. Sasa humtafuta kila asubuhi kabla ya chai!

Nikazunguka maduka ya vitabu kumtafutia kitabu cha bustani. Nikapata vyenye matufaha na theluji.

Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza nchini mwaka 1991, kwa hiyo waandishi tunao. Naomba watuandikie mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu au nne tu, siafu, na konokono wa masika. Tena kwa bei ambayo bibi muuza vitumbua ataimudu.

Bibi msomaji,
Tabata, Dar es Salaam