Lupu ya kushuka ifundishwe pamoja na ya kupanda

Mhariri,

Masomo mengi ya lugha ya C humfundisha mwanafunzi lupu (amri zinazorudiwa mradi sharti ni kweli) ya kuhesabu kupanda, halafu ya kushuka anaachiwa aigundue mwenyewe. Hapo ndipo programu nyingi zinapovunjika, nasi tunaona si haki kumlaumu mwanafunzi.

Chukua safu, yaani orodha ya data, yenye nafasi 10. C huanza kuhesabu na 0, hivyo ya mwisho ni 9. Kupanda huandikwa:

for (size_t i = 0; i < 10; i++)

Akiweka <= badala ya <, anagusa nafasi ya kumi na moja, ambayo si yake. C haimzuii. Programu inaweza kwenda vizuri tu, hadi siku ya siku iharibu data ya jirani.

Kushuka, anageuza tu alama:

for (size_t i = 9; i >= 0; i--)

Kwa macho haina kasoro. Lakini size_t, aina ya namba nzima katika C, haijui namba hasi. Ukitoa 1 kwenye 0 hupati -1. Unapata namba kubwa kuliko zote za aina hiyo, ambayo kwenye kompyuta ya biti 64 ni 18,446,744,073,709,551,615. Sharti i >= 0 basi ni kweli daima. Lupu haikomi, na kwa kawaida huendelea kupapasa kumbukumbu isiyo yake mpaka mfumo uikate.

Iandikwe hivi:

for (size_t i = 10; i-- > 0; )

Hapa i hulinganishwa na 0 kwanza, hupunguzwa, ndipo mwili wa lupu unafanya kazi: 9, 8, mpaka 0. Uzuri wake zaidi ni kwamba ukiweka n mahali pa 10 na safu ikawa tupu, lupu haizunguki hata mara moja. Anayeanzia n - 1 huwa ameshapotea kabla ya mzunguko wa kwanza.

Kupanda nako kuna mtego wa namna hiyo: uint8_t (aina ya namba ya biti 8, inayoishia 255) yenye sharti i <= 255 haimalizi, maana baada ya 255 inarudi 0.

Tunawaomba wakufunzi wawashe chaguo la maonyo ya ziada, -Wextra, kwenye gcc (programu inayotafsiri C kuwa lugha ya mashine) tangu somo la kwanza. Makosa haya mawili ya sharti lisiloshindwa huonywa hapo. Chaguo la maonyo ya kawaida, -Wall, peke yake huyapitisha kimya.

Wakufunzi wa programu,
Morogoro